Siku 90 za mbegu: chakula kinavyogusa uzazi wa mwanamume

Mambo matatu tofauti huchanganywa kila uzazi wa mwanamume unapozungumzwa, na ushauri mwingi mbovu wa chakula huzaliwa hapo. La kwanza ni nguvu za kiume, yaani hamu ya tendo na uume kusimama. La pili ni shahawa, yale majimaji yanayotoka. La tatu ni mbegu zenyewe, chembe zenye kichwa na mkia zinazobeba nusu ya vinasaba vya mtoto. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu tele na shahawa nyingi, na ndani yake isiwemo mbegu hata moja. Mwingine uume unamsumbua kusimama ilhali mbegu zake ni nzima kabisa. Kwa hiyo anayekuuzia chakula au unga wa "kuongeza nguvu" bado hajasema lolote kuhusu mbegu.

Uzito wa shahawa nao haupimi kitu. Mbegu ni asilimia 2 hadi 5 tu ya ujazo wake. Sehemu kubwa, kama theluthi mbili, hutoka kwenye vifuko vya shahawa vilivyo nyuma ya kibofu, na nyingi ya iliyobaki hutoka kwenye tezi dume. Mwenye shahawa nyepesi anaweza kuwa na mbegu milioni 200, na mwenye nzito akawa hana. Darubini ndiyo inayohesabu, si macho.

Swali la kweli basi ni hili: chakula kinaifikiaje mbegu, na kinaifikia wakati gani?

Tuanze na wakati, kwa sababu ndio unaowaponyoka wengi. Ndani ya mirija myembamba ya korodani, chembe mama hugawanyika, hupunguza vinasaba vyake nusu, huota mkia, kisha hutupa karibu ute wote wa ndani hadi kubaki kichwa, injini na mkia. Kazi hiyo huchukua takriban siku 74. Baada ya hapo mbegu hupita kwenye epididimisi, mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, ambako hukaa kwa siku kadhaa, pengine hadi wiki mbili, ikipata uwezo wa kuogelea. Jumla inakaribia miezi mitatu. Shahawa inayopimwa leo inaeleza mlo, homa, pombe na dawa za robo mwaka iliyopita. Aliyebadilisha mlo wiki tatu zilizopita kisha akarudia kipimo, amepima mlo wake wa zamani. Wengi hukata tamaa papo hapo, wakidhani mlo mpya haukufanya kazi.

Sasa jinsi inavyofikiwa. Utando wa mbegu umejaa mafuta laini, hasa DHA, mojawapo ya mafuta ya omega-3. Ulaini huo ndio unaoufanya mkia upinde na kichwa kiweze kuungana na yai. Lakini mafuta laini huoza upesi yakikutana na chembe kali za oksijeni, kama mafuta yaliyoachwa wazi yanavyochacha. Chembe hizo kali hutoka kwenye injini ya mbegu yenyewe, kwenye seli nyeupe za damu zinapopambana na maambukizi, na kwenye moshi wa sigara. Seli nyingine za mwili zina ute wa ndani uliojaa vimeng'enya vya kuzizima. Mbegu iliutupa ute wake ilipokuwa inajiandaa kwa safari, hivyo hutegemea sana ulinzi wa shahawa inayoizunguka. Ulinzi ukizidiwa, utando hukakamaa na mwendo hupungua, na hata nyuzi za vinasaba kichwani hukatika. Mbegu ya namna hii inaweza kuonekana nzuri kwenye darubini na bado ikashindwa kutungisha mimba, au mimba ikatungwa na kuharibika mapema.

Hapo ndipo chakula kinapoingia. Kinaleta mafuta ya kujenga utando, madini ya kutengenezea vimeng'enya vya ulinzi, na vitamini za kuzima chembe kali. Kinaweza pia, kikiwa kibaya, kuvuruga homoni zinazoendesha kiwanda chote.

Zinki, na kwa nini kula si sawa na kupata

Hakuna madini yanayotajwa zaidi ya zinki kwenye mada hii, na sifa yake ina msingi. Tezi dume huijaza shahawa zinki kwa kiwango kinachozidi sana kile cha damu. Zinki husaidia kuzifunga nyuzi za vinasaba kwa nguvu ndani ya kichwa cha mbegu, na korodani huihitaji katika kutengeneza testosteroni. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad, akiwa Iran, alieleza kuhusu vijana wa kiume waliodumaa na ambao viungo vyao vya uzazi havikukua. Mlo wao ulikuwa zaidi mkate usiochachushwa, karibu bila nyama. Kazi iliyofuata Misri ilionyesha kwamba walipungukiwa zinki, na walipopewa, walikua na kubalehe.

Angalia neno usiochachushwa, kwa sababu ndilo linalobeba somo. Nafaka zisizokobolewa, maharagwe na mbegu za mimea zina zinki ya kutosha, lakini zina pia fitati, dutu inayoishika zinki tumboni na kuondoka nayo chooni. Uchachushaji huivunja fitati. Kuloweka na kuotesha nako huipunguza. Kwa mtu anayekula nyama mara chache, hatua hizi ni muhimu kuliko kidonge. Loweka maharagwe au dengu kwa saa 8 hadi 12 na umwage maji hayo kabla ya kupika. Chagua mkate uliochachuka kuliko usiochachuka. Otesha nafaka unapoweza. Protini ya mnyama, hata kidogo, ikiliwa kwenye mlo uleule husaidia zinki ya nafaka kufyonzwa.

Mwanamume mzima anahitaji miligramu 11 kwa siku. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe hutoa kama 4 hadi 6. Kikombe cha dengu zilizopikwa hutoa kama 2.5, na gramu 30 za mbegu za maboga zinakaribia 2. Chaza ndio wanaoongoza kwa mbali. Ukijumlisha utaona kwamba nyama, kunde na mbegu za maboga hukaribia kiwango hicho, na vyakula vingine vya siku hujaza kilichobaki.

Kosa lililo kinyume ni kuzidisha. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa siku ni miligramu 40 kutoka vyanzo vyote, na vipo vidonge vya miligramu 50. Zinki nyingi kwa miezi huzuia ufyonzwaji wa shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Mtu anaanza akitafuta mtoto, anaishia kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Seleniamu, samaki na njugu

Seleniamu inahitajika kidogo sana, mikrogramu 55 kwa siku, lakini nafasi yake haina mbadala. Kimeng'enya kimoja chenye seleniamu hugeuka kuwa sehemu ya kuta zinazoifunga injini ya mbegu, pale shingo inapoungana na mkia. Ikikosekana kabisa, mkia huvunjika hapo. Mayai mawili hutoa kama mikrogramu 30, na kopo dogo la sadini hukaribia mahitaji ya siku nzima. Njugu za Brazili zinahitaji tahadhari. Moja tu inaweza kuwa na mikrogramu 70 hadi 90, na kiganja kimoja cha gramu 28 hupita kikomo cha 400. Anayekula kiganja kila siku kwa sababu alisikia zinaongeza mbegu atajikuta nywele zinadondoka, kucha zinakatika na pumzi inanuka kama kitunguu saumu. Moja au mbili kwa siku zinatosha.

DHA hupatikana kwenye samaki wa mafuta, kwa mfano sadini, makareli na salmoni. Milo miwili kwa wiki, kila mmoja gramu 100 hadi 140, ni lengo la busara. Papa na samaki wengine wakubwa wawindaji hubeba zebaki nyingi, hivyo wadogo ndio bora. Asiyekula samaki anaweza kutumia mbegu za kitani au jozi (walnut). Mwili hugeuza sehemu ndogo tu ya mafuta yake kuwa DHA, kwa hiyo mafuta ya mwani ni njia iliyonyooka zaidi.

Kuhusu njugu (hapa ni zile za miti, si karanga) tuna kitu adimu katika elimu ya lishe: majaribio ambamo watu walipangwa kwa bahati nasibu. Katika moja lililofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2018, wanaume 119 wenye afya, wa miaka 18 hadi 35, waligawanywa. Kundi moja lilikula gramu 60 za lozi, hazeli na jozi kila siku kwa wiki 14 juu ya mlo wao wa kawaida, na jingine halikula njugu. Kwa waliokula, idadi ya mbegu ilipanda kwa takriban asilimia 16, mwendo kwa 6, uhai kwa 4 na maumbo sahihi kwa 1, na mkatiko wa vinasaba ulipungua. Jaribio la awali la Marekani, mwaka 2012, lilitumia gramu 75 za jozi kwa wiki 12, na uhai, mwendo na maumbo ya mbegu vikaboreka. Tusizidishe furaha, hata hivyo. Hao walikuwa vijana wazima, si wanaume waliokuwa wakihangaika kupata mtoto, na kilichopimwa ni mbegu, si mimba. Lakini ni chakula salama kwa asiye na mzio wa njugu, na muda wa jaribio ulikuwa mrefu kuliko mzunguko mmoja wa mbegu. Gramu 60 ni viganja viwili, zenye kilokalori 350 hadi 400. Ziweke badala ya chipsi, biskuti na soda. Ukizirundika juu ya hivyo vyote, uzito utapanda, na madhara ya uzito tutayafikia.

Mengine hayahitaji maelezo marefu. Foleti, vitamini ya kundi B, mikrogramu 400, hutoka kwenye mboga za majani na kunde. Vitamini C, miligramu 90, na 35 zaidi kwa mvutaji, hutoka kwenye matunda chachu, mapera na pilipili hoho. Likopeni, rangi nyekundu ya nyanya, hufyonzwa vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kidogo. Vitamini A ni lazima ili chembe mama zianze kugawanyika, nayo ipo kwenye mayai na maini, na mwili huitengeneza pia kutokana na karoti, maboga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Soya haistahili hofu inayoizunguka: majaribio yakijumlishwa hayaonyeshi kwamba inabadilisha testosteroni au estrojeni ya wanaume.

Kwa nini kidonge hakifanyi kazi ya sahani

Ukielewa habari ya chembe kali, hatua inayofuata kichwani ni rahisi: nunua vidonge vya kuzizima. Wazo hilo lilipimwa kwa uzito, na halikufaulu. Nchini Marekani wanaume 2,370 na wenzi wao waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi waliingizwa kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2020. Wanaume walipewa miligramu 5 za asidi foliki (foleti ya vidonge) na miligramu 30 za zinki kila siku kwa miezi sita, au kidonge kitupu kisicho na dawa. Waliopata watoto walikuwa asilimia 34 upande wa dawa na 35 upande wa kidonge kitupu. Vipimo vya mbegu havikuboreka, na mkatiko wa vinasaba ulikuwa mkubwa kidogo kwa waliotumia dawa, asilimia 29.7 dhidi ya 27.2. Mwaka huohuo jaribio jingine la Marekani liliwapa wanaume wenye mbegu dhaifu mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, seleniamu, zinki, foleti, likopeni na kanitini. Nao haukuzidi kidonge kitupu.

Sababu mojawapo ni kwamba mbegu inahitaji chembe kali kiasi fulani. Ndizo zinazoiamsha karibu na yai na kuiwezesha kupenya. Ukizizima zote umezima na kengele. Nyingine ni kwamba kuongeza kwa mtu asiyepungukiwa hakujazi pengo lolote. Vidonge vina nafasi pale upungufu unapothibitishwa kwa kipimo, na kwa kiwango cha kuujaza tu. Njugu, samaki na mboga huleta vitu hivyohivyo kwa kiasi kidogo kidogo, vikiwa pamoja, na huondoa vyakula vibaya mezani kwa kuchukua nafasi yao. Sidhani kama sehemu hii ya mwisho huthaminiwa inavyostahili.

Uzito na homoni

Kama mwanamume mwenye kitambi kikubwa angeniuliza aanze na nini, nisingemtajia zinki. Mafuta ya mwilini si mzigo tu, ni tezi. Yana kimeng'enya cha aromatasi kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Estrojeni ikipanda, ubongo hudhani homoni zinatosha na kupunguza amri zinazokwenda korodani. Korodani nazo, ambazo hupaswa kuwa na joto la nyuzi 2 hadi 4 chini ya mwili, hufunikwa na mafuta ya mapaja na tumbo la chini. Insulini iliyopanda na uvimbe wa ndani kwa ndani huongeza chembe kali zilezile tulizozitaja.

Hali hii hurekebishika. Denmark iliwaweka wanaume wanene 56 kwenye mlo wa kilokalori 800 kwa siku kwa wiki 8, chini ya uangalizi. Walipungua wastani wa kilo 16.5, na wingi wa mbegu kwa kila mililita ukapanda takriban mara moja na nusu. Mwaka mmoja baadaye, waliolinda uzito wao mpya walibaki na mafanikio hayo, na waliorudi unene waliyapoteza. Mlo mkali hivyo si wa kujipangia nyumbani, hasa kwa mwenye kisukari anayetumia dawa. Kupunguza kilo nusu hadi moja kwa wiki kunafaa zaidi, na pa kuanzia ni vinywaji vya sukari: chupa ya nusu lita ya soda ina sukari zaidi ya gramu 50, na haishibishi. Kukonda kupita kiasi nako hunyamazisha amri za ubongo. Mwili wenye njaa hauwekezi kwenye uzazi.

Uchunguzi wa vijana 2,935 wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waliokula zaidi samaki, kuku, mboga na matunda walikuwa na mbegu nyingi kuliko wote. Wa mlo wa piza, chipsi, nyama za kusindikwa na vinywaji vya sukari walikuwa na chache kuliko wote. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi chanzo, kwa sababu wanaokula vizuri huishi vizuri kwa njia nyingine pia, lakini unakubaliana na tunachokijua kuhusu utando na homoni.

Hatari kubwa kuliko mlo mbaya huja ikiwa imevaa sura ya afya. Sindano na vidonge vya testosteroni au vya kujenga misuli huzima mbegu. Homoni ikiingia kutoka nje, ubongo husitisha amri, na testosteroni ya ndani ya korodani, ambayo lazima iwe mara nyingi zaidi ya ile ya damu ili mbegu zitengenezwe, huporomoka. Misuli hukua, hamu hupanda, mbegu huisha. Kurudi huchukua miezi sita hadi mwaka, wakati mwingine miaka miwili. Baadhi ya unga na vidonge vinavyouzwa kama virutubisho vya asili vya wanaume vimekutwa vikiwa na homoni zisizoandikwa kwenye kopo. Aliye katika safari ya kutafuta mtoto asiviguse.

Mimea pia inaweza kudhuru. Katika miaka ya 1950 vijiji fulani vya China vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba vilikosa watoto. Aliyehusika alikuwa gosipoli, dutu ya njano ya mbegu hiyo. Miaka ya 1970 ilijaribiwa kwa maelfu ya wanaume kama dawa ya kupanga uzazi, kisha ikaachwa, kwani baadhi walishuka potasiamu na wengine mbegu zao hazikurudi. Mafuta ya pamba yaliyosafishwa kiwandani huondolewa gosipoli. Ghafi hayafai kuliwa.

Kupima kwa usahihi

Bila kipimo kabla na baada, yote haya ni kubahatisha. Kaa bila kutoa shahawa siku 2 hadi 7, na urudie idadi ileile mara ya pili ili majibu yalinganishike. Usitumie mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, maana huua au kudhoofisha mbegu. Kusanya yote: tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko mengine, likimwagika jibu litakuwa la uongo, na ni lazima umwambie mhudumu. Kama unatoka nyumbani, beba chombo karibu na mwili kisipoe, na kifike maabara ndani ya saa moja. Kama ulipata homa kali ndani ya miezi mitatu iliyopita, itaje.

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, mipaka ya chini ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, asilimia 42 zinazotikisika, 30 zinazosonga mbele, na 4 zenye umbo sahihi. Ndiyo, 4. Wanaume wengi hushtuka wakisoma kwamba asilimia 95 ya mbegu zao zina kasoro ilhali hiyo ni hali ya kawaida ya binadamu. Na mipaka hii si ukuta: ilipatikana kwa kuangalia wanaume ambao wenzi wao walipata mimba ndani ya mwaka, na asilimia 5 kati yao walikuwa chini yake.

Majibu yakiwa hafifu lakini mbegu zipo, badilisha mlo, uzito, sigara na pombe, kisha pima tena baada ya miezi mitatu kamili. Wapo wasiopaswa kusubiri miezi hiyo: asiye na mbegu kabisa, kwani sababu mara nyingi ni mrija ulioziba, vinasaba au korodani zilizoshindwa, aliyewahi kuvimba korodani kwa matubwitubwi au ambaye korodani zilichelewa kushuka, aliyetibiwa saratani, mwenye mishipa iliyovimba kama minyoo juu ya korodani, tatizo ambalo mara nyingi hurekebishwa kwa upasuaji, na ambaye mwenzi wake ametimiza miaka 35 na wamejaribu kwa miezi sita. Kwa hao, vipimo vya homoni na uchunguzi wa korodani huanza wiki hii, na samaki na njugu huendelea kuliwa wakati majibu yanasubiriwa.